Kiti cha Bawabu

Fundi alifunika cherehani yake jua likizama, akaenda kwa mdogo wake kuchukua kitabu. Kitabu tu, basi.

Kilikuwa cha marehemu kaka yao mkubwa: kanuni za ule mchezo wao wa mezani, kila mtu na mhusika wake, dadu zikiamua nani aishi na nani afe. Toleo la kwanza, kurasa zimelegea, pembeni mwandiko wa kaka kwa penseli.

Mdogo wake, waliyemwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa ubishi, alikuwa ameshapanga meza. Vitabu viwili wazi, cha zamani na toleo jipya. Viti vitatu.

"Cha tatu cha nani?"

"Cha kaka. Namwita Bawabu aje."

Bawabu alikuwa mhusika wa kaka. Siku ya mazishi waliapa hawatamgusa.

"Kitabu cha zamani kinaruhusu kumwita mfu," Wakili alisema harakaharaka.

"Kwa malipo! Anayeita anamtoa mhusika wake mwenyewe."

"Toleo jipya limefuta malipo."

"Limefuta na kuita kwenyewe! Shika kitabu kimoja, Wakili. Unachota utamu huku, unachota utamu huku, uchungu unamwachia nani?"

"Dada, ni mchezo tu."

Mchezo tu! Miezi mitatu kaka alilala hospitali, Wakili hakufika hata mara moja, leo anataka kumrudisha kwa dadu. Fundi alinyoosha mkono azipokonye.

Wakili akarusha.

Dadu zilibingirika... zikasimama. Sita na sita.

Kisha harufu. Dawa ya kuchua, ileile Fundi aliyokuwa akimpaka kaka miguuni siku za mwisho.

Kiti cha tatu kikaburutwa... taratibu... kikasogea mezani.

"Mrudishe," Fundi alinong'ona.

Wakili alipekua toleo jipya. Hakuna. Kitabu kisichoita hakina haja ya kurudisha. Fundi akakivuta cha zamani. Chini kabisa ya ukurasa: *Aliyelipa kabla ya kuita ndiye awezaye kumrudisha.* Kaka alikuwa ameipigia mstari mara mbili.

"Lipa! Mtoe mhusika wako, mjinga wewe!"

Wakili akaichana karatasi ya mhusika wake vipande vipande. Kiti hakikusogea. Alikuwa amechelewa.

Mpaka leo, giza likianza kuingia, ndugu hao wawili hukaa mezani kucheza. Wakichelewa, husikia kiti kikiburutwa hukohuko waliko. Fundi hamsemeshi mdogo wake neno lolote nje ya zamu. Hajamsamehe, wala hatamsamehe.

Angevumilia, lau aliyerudi angekuwa kaka kweli. Lakini kaka yao, tangu utotoni hadi kufa, alimwita Fundi Kadogo. Kilichokaa pale kina sauti yake, kina harufu yake, na kila jioni humwinamia Fundi sikioni.

"Zamu yako... dada mkubwa."