Kache Asema Kweli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kache alimlisha Mangi uji, kijiko kimoja kimoja, na baada ya kila kijiko akangoja ameze. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Mangi alikuwa na miaka sita na alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kukaa peke yake, kutembea wala kusema. Kache alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hawakuwa ndugu, ila wote wawili waliishi katika nyumba ya watoto nje kidogo ya mji wa Msambweni, na hakuna jamaa aliyewahi kuja kuwaulizia.

"Jumamosi watakuja mume na mke kutoka mji wa Samburu, huku huku pwani," Bi Fauzia, mlezi mkuu, alimwambia asubuhi moja. "Wanataka kumwasili Mangi, awe mtoto wao."

"Haya," Kache alijibu, akamfuta Mangi kidevu. Hakufurahi wala hakuhuzunika.

Mwaka uliopita ilikuja familia nyingine, kutoka Ukunda. Mama wa familia ile alisoma karatasi za hospitali, kisha akamvuta Kache kando na kumwuliza kama kifafa bado kinamshika mtoto. Kache alitamani mno Mangi apate kwao. "La, mama, kimekwisha," alisema. Siku ya tisa walimrudisha. Alikuwa amekonda, na kwa siku nne alikataa kufungua kinywa. Hakuna aliyejua uongo wa Kache. Yeye aliendelea kusoma, kufua na kulisha, lakini moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama fizi iliyochomwa sindano kabla ya kung'olewa jino.

Jumamosi ilipofika, afisa wa watoto aliwaleta wageni. Mume aliitwa Garama, fundi seremala, na mkewe Dama.

"Shikamooni," Kache aliwaamkia.

"Marahaba, mwanangu," Dama aliitikia. Akachuchumaa mbele ya kiti cha Mangi, akamshika mkono. "Naambiwa wewe ndiwe unayemjua zaidi. Siku yake huwaje?"

Kache alitazama sakafu. Maneno matamu yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza, akaanza kusema kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma majina darasani.

"Anashikwa na kifafa. Wiki iliyopita mara tatu, na dawa anakunywa. Ukimlisha kwa haraka anapaliwa. Anavaa nepi. Usiku huamka akilia, na hatujui analilia nini. Daktari amesema hatatembea. Wale waliokuja mwaka jana niliwaambia kifafa kimekwisha. Niliwadanganya. Ndiyo maana walimrudisha."

Bi Fauzia, aliyesimama mlangoni, alimkodolea macho. Garama aliinuka, akatoka nje. Basi, wamekwenda, Kache aliwaza, na hata wazo hilo halikumwuma.

Lakini Garama alirudi na futi ya kupimia. Akaanza kumpima Mangi mgongo na miguu.

"Kiti hiki kinamwumiza," alisema. "Nitamtengenezea kingine, chenye mkanda wa kifuani."

"Na kifafa kikimshika, unafanyaje?" Dama aliuliza. "Nionyeshe."

Kache alimlaza Mangi kwa ubavu kwenye mkeka. "Hivi. Usimtie kitu kinywani. Tazama saa. Zikipita dakika tano, mpeleke hospitali."

"Na anapenda nini?"

Swali hilo hakuna mgeni aliyewahi kuliuliza. "Sauti ya ufagio," Kache alisema. "Ukifagia uani, anacheka."

Dama naye akacheka. "Basi uwanja wangu utang'aa."

Walirudi kila Jumamosi kwa miezi miwili, hadi Dama akajua kumlisha Mangi asipaliwe. Kisha wakapewa ruhusa ya kukaa naye, huku afisa akiwatembelea. Siku Mangi alipoondoka, Kache alimpungia mkono, akaenda kuosha vyombo. Hakulia.

Miezi ilipita. Alasiri moja Bi Fauzia alimkuta ameketi barazani, akaketi kando yake.

"Mahakama imekubali. Mangi sasa ni mtoto wa Garama na Dama."

"Alhamdulillahi," Kache alisema taratibu. "Bi Fauzia, ulinikasirikia siku ile?"

"Nilikasirika. Ulidanganya, na Mangi ndiye aliyeumia. Lakini sisi watu wazima nasi tulikosa, kukuachia mtoto kama wewe kujibu maswali yetu. Angalia, Kache. Wale wa kwanza walimchukua mtoto uliyewabunia wewe. Hawa walimwona Mangi alivyo, wakamtaka yeye. Mtu hapati kwao kwa kufichwa alivyo. Ukweli ndio uliompatia wazazi."

Kache alikunja vidole vyake. "Lakini mimi sisikii kitu. Hata furaha siisikii."

"Hilo nalo ni kweli, na umefanya vyema kulisema. Usijilazimishe. Mimi nipo."

Kache aliegemeza kichwa begani mwa Bi Fauzia, akakiacha hapo.