Kadi Namba Nne

"Wewe ni Hasira!"

Ilikuwa Jumamosi ya kusukumana katika Soko Kuu la Tunis, na aliyepiga kelele hiyo ni Ghazi, kijana mrefu aliyevaa ovaroli linalonuka kahawa, huku akimnyooshea kidole muuza zeituni. Muuza zeituni mwenyewe, Olfa, alikuwa na aproni ya kijani na kitambaa chekundu kilichofungwa kisogoni. Akaweka upawa chini.

"Kaka, hujanunua hata punje moja, ushaanza kunitukana?"

"Hapana, hapana! Wewe pia ni Huzuni. Na Kinyaa. Kwenye Kinyaa ndiko unakopendeza zaidi."

Wauza samaki wa meza ya pili wakaacha kupara ili wasipitwe. Ghazi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi sita zilizochakaa pembe. Kwenye kila kadi ulikuwapo uso wa Olfa.

"Mungu wangu! Picha za kliniki ya Bi Naziha!"

Miaka mitatu nyuma, akisomea maigizo, Olfa alipigwa picha hizo kwa ajili ya kliniki hiyo, akadhani zitaishia kabatini. Hakujua habari za Ghazi, fundi wa mashine za kahawa aliyeanguka na pikipiki, akazinduka na macho mazima na ubongo uliogoma kazi moja tu: kusoma nyuso. Aliona macho, aliona pua, aliona mdomo, vimepangwa kama bidhaa mezani, ila vyote pamoja havikumwambia kitu. Siku aliyorudi nyumbani, mama yake alimkalia mbele akilia kimyakimya, naye akamwomba ampitishie chumvi.

"Njia yako kichwani imekatika," Bi Naziha wa kliniki alimwambia. "Basi tutachonga kichochoro." Akampa kadi. Namba moja Furaha, namba mbili Hasira, hivyo hivyo mpaka sita. Ghazi alizikariri mwaka mzima, asubuhi na jioni, mpaka siku moja akamtazama mama yake akasema, "Mama, una huzuni." Mama akaacha sufuria iungue.

"Wewe ndiye uliyenirudishia watu," alimwambia Olfa pale sokoni. "Nilikuwa nakosa pa kupeleka shukrani."

Olfa alizoea wanaume wanaomsifu ili wapunguziwe bei. Huyu hakuomba bei. Olfa akamjazia mfuko wa zeituni hadi ukapasuka.

Yaliyofuata yalikuwa ya simu. Masikio ya Ghazi hayakuguswa na ajali. Kwenye simu alikuwa simba.

"Umekula, roho yangu?" Olfa aliuliza.

"Nimekula lablabi, supu yetu ya dengu. Pilipili imenichoma mpaka nikakukumbuka."

"Mimi nachoma?"

"Unabana kicheko. Nakusikia."

"Na tukionana utanijua vilevile?"

"Tukionana usibadilishe uso haraka haraka. Nipe muda nifungue kitabu."

Mwezi wa nane alimwalika katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Halfaouine. Olfa alikuja na gauni la manjano. Ghazi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama, mkononi ana kishada cha yasmini. Mashine ya kahawa, aliyoitengeneza mwenyewe, ilikuwa ikifoka mvuke.

"Olfa, nataka nimlete mama kwenu. Azungumze na baba yako."

Nyusi za Olfa zikapanda. Macho yakatanuka. Mdomo ukafunguka, bila sauti.

Ghazi aliujua uso huo kuliko viganja vyake. Namba nne. Hofu. Na nani asingeogopa kuolewa na mwanamume anayemsoma mkewe kwa kadi?

"Samahani," alisema. "Sikukusudia kukutisha." Akaweka yasmini mezani, akaondoka, kahawa haijaguswa.

Simu yake aliizima. Siku ya kumi ikalia ile ya karakana.

"Fundi, mashine yangu imeharibika," ilisema sauti ya kike.

"Ina tatizo gani?"

"Inachemka siku ya kumi sasa. Aliyeiwasha kakimbia."

"Olfa..."

"Nyamaza! Mwanamume gani anaposa halafu anatoka mbio kama kasahau jiko linawaka? Baba ananiuliza nalia nini, namwambia vitunguu. Tunauza zeituni, Ghazi!"

"Uliogopa. Nilikuona. Namba nne, kila kitu."

"Namba nne ndiyo ipi?"

"Ile yenye hereni moja."

Kikaja kicheko kilicholowa.

"Ghazi, siku ya kupigwa picha, uso wa hofu ulinishinda kuuigiza. Nilijaribu mara ishirini, nikaonekana kama mtu aliyebanwa na haja. Tukapumzika, simu ikaita, nikavua hereni niongee. Dada yangu Emna kajifungua salama. Baada ya miaka minane ya kungoja! Mpiga picha akabofya, akasema hofu ndiyo hii, tumemaliza. Ile siyo hofu, punda wewe. Ile ni furaha iliyonikuta sijajiandaa!"

Ghazi akakaa juu ya sanduku la vipuri.

"Kwa hiyo nilikimbia..."

"Ulinikimbia nikifurahi! Na mjini hapa kuna wachumba wangapi wengine waliokimbiwa kwa sababu ya uso wangu?"

Alifika sokoni na ovaroli lake, mikono imejaa masizi. Wauza samaki wakampisha. Olfa alikuwa anatokwa machozi, meno yote nje, nyusi kila moja na safari yake. Kadi mbili, labda tatu, kwa mpigo.

"Huo siujui," alisema Ghazi. "Niambie kwa mdomo."

"Ni ndiyo. Mlete mama. Ila asije na zeituni."

"Asante," alisema, akalirudia mpaka wauza samaki wakamwambia inatosha.

Nyumbani mama yake aliposikia, akakaa mbele yake, machozi yakamshuka. Ghazi hakuomba chumvi. Alisogeza kiti.

"Mama, hayo ni ya nini?"

"Ya furaha, mwanangu."

"Nilifikiri hivyo," alisema Ghazi. "Nimeona niulize."