Malango ya Njia ya Lethra

"Amekuponyoka?"

Sauti ya Mkuu Vangelis simuni ilitoka Athens, kavu kama mfupa.

"Kwa mlango wa jikoni," Aristea akajibu. "Mimi nilikuwa naulinda wa mbele, nakunywa kahawa."

"Kahawa."

"Ndiyo, Mkuu."

"Boti inakuja kumchukua saa tano. Ufuo gani, hatujui. Doria ya majini iko mbali. Kadi ile ya kumbukumbu yenye majina ikipanda botini, watu wetu saba watazikwa kabla ya Jumapili."

Simu ikakatika.

Saa tatu na nusu asubuhi. Aristea Vouri, jasusi wa miaka kumi na minne, alisimama nje ya Livadia, pale njia za miguu zinapoachana. Moja yaenda ufuo wa Lethra, moja Tholos, moja Gera. Wageni huja kisiwa cha Tilos kwa ajili ya njia hizo, watazame ndege na kuogelea mahali pasipo na mtu. Hendrik, huyo aliyemponyoka, naye alikuja hivyo hivyo, na kofia yake ya jua na fimbo zake mbili za kutembelea. Mwamba haushiki unyayo. Njia tatu, mwindaji mmoja.

Kati ya wale saba alikuwamo Lefteris, muuza magazeti wa bandari ya Piraeus. Aristea ndiye aliyemwingiza kazini. Alimwapia kwamba jina lake halitatoka. Sasa hofu ilimzungusha pale njia panda kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jiwe likapita karibu na sikio lake.

Halikurushwa kwake. Mbuzi wasiopungua thelathini walikuwa wamejaa bustanini, na mama mmoja mwenye gauni jeusi alikuwa akiwatupia mawe na matusi.

"Wewe! Ndiye uliyeacha lango wazi?"

"Si mimi, mama."

"Nyanya zangu zote, binti! Mtu akifungua, anafunga. Hata shetani akipita hapa anafunga!"

"Lango lipi?"

"La Lethra, lipi tena?"

Aristea alitamani kumbusu. Kisiwani hapa kila mtu hufunga waya wa lango nyuma yake, mwenyeji na mgeni. Anayesahau ni yule tu ambaye macho yake yanatafuta anayemfuata.

"Hebu nisaidie kuwarudisha."

"Siwezi, mama. Namfuata huyo aliyeliacha."

"Basi mvunje mguu. Mmoja tu, mimi ni Mkristo."

Aristea akatimua mbio.

Lango la pili, wazi. Akalifunga, akazilaani sekunde nne zilizopotea, lakini mazoea yana taabu.

La tatu, wazi. Waya wake ulikuwa bado unacheza.

Saa tano kasoro dakika sita akauona ufuo chini. Kokoto nyeupe, maji ya kijani. Hendrik alikuwa amevua viatu na kukunja suruali. Boti ya mpira yenye injini mbili za Yamaha ilikuwa inaingia ghubani.

Aristea akateremka akiserereka na mawe. Akachomoa bastola yake ya Glock.

"Maji ni baridi, Hendrik."

Hendrik akamrushia fimbo moja. Aristea akainama. Jamaa akakimbilia majini, lakini kokoto za Lethra hazina huruma kwa nyayo tupu. Hatua tatu, chali.

Risasi moja ikapasua maji mbele ya boti.

Boti ikageuka, ikaondoka bila kuaga.

"Kadi iko wapi?"

Hendrik akatazama boti ikitokomea. Lakini fimbo ya pili alikuwa ameikumbatia kifuani. Aristea akampokonya, akaufungua mpini wake. Kadi ikadondoka kiganjani, ndogo kama ukucha.

"Ninayo, Mkuu," akasema simuni.

"Na mtu?"

"Anavaa viatu."

Kisha akapiga namba nyingine, namba asiyopaswa kuipiga kamwe.

"Haloo! Nani? Nina wateja hapa!"

Lefteris. Nyuma yake makelele ya Piraeus.

"Samahani, baba. Nimekosea namba."

"Kavae miwani, dada!" Lefteris akafoka, akakata.

Aristea akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Akayafuta, akamsukuma Hendrik mbele, akaanza kupanda kilima bila haraka.