Maji ya Bamvua Siku ya Mbio za Punda

Asubuhi ile Swafiya alikunywa chai akiwa amesimama. Mbio za punda zilikuwa alasiri, na kaka yake Ubaid alikuwa miongoni mwa washindani. Wiki nzima mji wa Amu ulikuwa umefurika wageni, na wawili walikuwa wamefikia kwao: Mama Ian kutoka Kericho, na mwanawe wa miaka sita.

"Wapeleke Shela wakaone vilima vya mchanga," bibi yake, Bi Umi, alimwambia. "Leo ni bamvua, maji yatajaa mpaka kwenye ukuta wa ufuoni. Kurudi, pandeni boti."

"Haya, Bibi," Swafiya akajibu, mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

Huko Shela, Ian alipanda kilima, akateleza, akapanda tena. "Hujachoka tu?" Swafiya akamuuliza.

"Bado. Kwani punda wenu watatoroka, dada?"

Walipofika gatini, foleni ya boti ilikuwa imejikunja mara mbili. Swafiya akauma kidole. "Tupite ufuoni, Mama Ian. Kwa miguu si mbali."

Mama Ian akaitazama bahari. Kwao ni milima na chai. "Maji hayatatufikia?"

"Yanatoka hayo, yanarudi baharini," Swafiya alisema, wala hakugeuka kuyaangalia.

Katikati ya njia maji yalikuwa magotini. Kushoto ukuta mrefu wa mawe, kulia bahari tupu. Wimbi lilimpiga Ian, kiatu kikaenda, naye akaangua kilio. Kutoka mjini zilisikika ngoma.

"Tukaze mwendo," Mama Ian alisema. "Si yanatoka?"

Swafiya akatazama ukuta. Alama nyeusi ambapo maji hufika yakijaa ilipita kichwa cha Ian. Akasimama.

"Yanajaa, Mama Ian. Nilikudanganya. Bibi alinionya, nami nilitaka kuwahi mbio. Turudi Shela."

Mama Ian alimbeba mwanawe mgongoni, akageuka. Walirudi taratibu, wakishikilia ukuta, kisha wakapanga foleni kama watu wengine.

Waliposhuka Amu, barabara ya ufukweni ilikuwa na mavi ya punda na maganda ya njugu tu. Nyumbani, Ubaid alikuwa akijisifu kwa nafasi ya nne. "Uliniona nilivyompita yule wa Matondoni?"

"Sikukuona," Swafiya alisema. Akaeleza yote, bila kujipunguzia.

Bi Umi alimpa Ian kitambaa kikavu, ndipo akamgeukia mjukuu wake. "Punda watakimbia tena mwakani. Lakini mgeni akikuuliza ndia ya kupita, amekupa roho yake uishike. Usimjibu kwa haraka zako. Mjibu kwa unalolijua. Ulipokosea ulisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyowarudisha."

Swafiya akainuka, akaenda kumtafutia Ian viatu vyake mwenyewe vya utotoni.