Kadi Inapojikagua

Saa sita na robo mchana, Jumapili. Jiji la Maracaibo halina umeme tangu alfajiri. Kwenye chumba cha nyuma cha muuza empanada, vitumbua vya nyama, Ovidio, kiongozi wa genge, alichora mtaa kwa kidole juu ya meza yenye unga.

"Rudia."

Nerio, fundi aliyefunga kamera za duka la betri, akarudia. Umeme ukikatika ghafla kisha ukirudi, kinasa picha kinaanza kuikagua kadi yake ya kumbukumbu, faili moja moja. Kadi yenyewe ya bei chee, imejaa pomoni. Dakika kumi na nane. Mpaka kimalize, hakirekodi hata inzi.

"Muuza betri, kinasa chake hakina betri?" Yorman, mbebaji, alicheka.

"Mkono wa birika yule."

"Na majirani?"

"Umeme ukirudi wote wanakimbilia ndani. Viyoyozi, simu, nguo za kufua." Nerio akaongeza, "Mimi nataka betri moja tu. Ya mashine ya mama ya kupumulia imekufa."

"Utapata, dogo."

Saa nane na dakika tano. Umeme ukarudi. Mtaa ulishangilia, kisha milango ikafungwa. Nerio alibonyeza rimoti aliyoitengeneza mwenyewe, geti la nondo la umeme likapanda. Ndani, taa nyekundu ya kinasa ilikuwa inapepesa. Kila walipopita walilishusha geti, mpita njia asije akaliona wazi. Ovidio alibaki kwenye usukani.

Saa nane na robo. Gari limejaa. Yorman akatoka na mzigo wa mwisho, Nerio akashusha geti na kurudi kuchukua betri yake. Alipoinyanyua tu, feni ya dukani ikazimika. Akabonyeza rimoti. Geti halikutikisika.

"Ovidio! Tulinyanyue kwa mikono!"

Milango ya mtaa ilianza kufunguka. Watu walitoka na viti kufuata upepo, kama kawaida yao umeme ukikatika.

"Panda!" Ovidio alimfokea Yorman.

"Bosi, dogo yuko ndani."

"Panda, au nikuache naye."

Yorman alipanda. Nerio alilitazama gari likikata kona, akangoja hasira ije. Haikuja.

Doña Eglé, jirani wa mama yake, aliweka kiti mbele ya geti.

"Nerio! Hata Jumapili wanakufanyisha kazi?"

"Hata Jumapili, Doña."

"Na wamekufungia, maskini. Mama anaendeleaje?"

"Anapumua."

Alimpitishia maji kati ya nondo. Wengine nao wakampungia mkono, wakimwita kwa jina.

Saa tisa kasorobo. Umeme ukarudi. Watu wakabeba viti vyao mbio.

"Msalimie mama, mwanangu!"

Taa nyekundu ikaanza kupepesa upya. Mtaa mtupu, geti linapanda, na kadi haitaona kitu. Lakini mtaa mzima ulikuwa umeshamwona. Nerio aliiweka betri begani na kutembea taratibu hadi nyumbani. Akaiunganisha na mashine ya mama, akasikiliza mpaka ilipovuma sawasawa.

Kisha akatoa kiti nje, peke yake mtaani huku umeme unawaka, akakaa kuwasubiri polisi.