Swichi ya Mlango

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi umeme asiye na mzaha hata chembe. Aliitwa kwenye karakana isiyo na madirisha kukagua mashine ya mtumba ya kuchonga vyuma, ile inayoongozwa na kompyuta. Kila ikiwashwa, ilijizima. Aliyeiuza naye aliitwa, aje ajibu.

Fundi akapima fyuzi na nyaya; zote nzima. Kwenye kabati la umeme akakuta swichi ya usalama ya mlango wa mashine imeunganishwa kijanja kwa kipande cha waya, ili mashine izunguke hata mlango ukiwa wazi.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi. Kazi ilikuwa inachelewa,” muuzaji akajibu, akiwa ameuegemea mlango wa mashine uliokuwa wazi. “Jamaa yangu mmoja alinaswa humu akafa, lakini alizubaa mwenyewe.”

Fundi alizima umeme wa karakana nzima, akaichomoa kebo ya mashine ili aung'oe ule waya.

Gizani, mota ikaanza kunguruma, polepole, kisha kwa kasi.

“Izime, kaka! Kuna mtu kanishika mkono, ananivuta ndani!” muuzaji akapiga yowe.

“Nimeshaizima!” fundi akapiga kelele, kebo ingali mkononi mwake.