Habari Iliyotangulia Miguu

"Hivi Somoe, huyo mchumba wako anatokwa jasho saa ngapi?"

Swali hilo aliliuliza Bi Valeria, jirani wa chumba cha pili pale Mtanda, mjini Lindi, siku moja wakichambua mchele uani. Somoe alicheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani.

"Mama Valeria nawe! Siku hizi pesa haitafutwi kwa jasho, inatafutwa kwa akili."

Bi Valeria akapuliza pumba. "Haya mwanangu. Nimeuliza tu."

Hakuuliza tena. Lakini yako maneno ni kama mwiba wa samaki. Unadhani umeshuka na tonge, kumbe umekaa kooni unakungoja.

Somoe alikuwa fundi cherehani, mkono wake mwepesi, mshono wake haufumuki. Mchumba huyo, Nurdin, alikutana naye sokoni katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu wamejaa kama siafu kutafuta nguo za sikukuu. Magauni yake yalikuwa yamening'inia kwenye kamba, ya kijani, ya zambarau, yenye lesi kifuani. Mara Somoe akamwona kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, amemwelekezea simu.

"We kaka! Gauni linanunuliwa, halipigwi picha."

"Sikupiga gauni, dada. Gauni limejipitisha tu."

"Lilikuwa linakukinga na nini?"

"Na aliyelishona."

Wanawake wa meza za jirani wakapiga vigelegele. Somoe akajitia kununa, akavuta mtandio.

"Hebu ifute hiyo picha."

"Nikiifuta, kesho nitaamini vipi kama nilikuona?"

"Kesho njoo na hela, utaamini."

Akaja kweli, na hela, akamnunulia mama yake gauni la zambarau. Keshokutwa akaja bila hela, akakaa tu kwenye kigoda akimpepea fundi kwa kipande cha boksi. Mapenzi yakaota hapo hapo, katikati ya nyuzi na vitambaa.

Kazi ya Nurdin ilikuwa blogu. Somoe hakuijua, akamwuliza siku moja wanakula muhogo wa kukaanga.

"Ndiyo nini?"

"Gazeti langu mwenyewe, laazizi. Sina ofisi, sina mtambo, simlipi mtu. Simu na bando, basi."

"Nani anakulipa?"

"Wenye matangazo. Watu wakija kusoma, wafanyabiashara nao wanakuja. Inzi hufuata kidonda."

"Na wewe unaandika nini humo?"

Nurdin akacheka, akajilamba pilipili vidoleni. "Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Siandiki. Nachukua huku, nabandika kule. Mtaji mdogo, kazi ndogo, faida kubwa. Huo ndio mchongo."

Wakati ule faida ilikuwa bado ya mdomoni. Alibandika bei za korosho, alibandika mpira, wasomaji wakawa yeye, Somoe na rafiki zake wawili watatu. Mbegu ya kidonda chenyewe ilitoka kwa Somoe. Mwalimu wake wa madrasa alifariki huko Njinjo, kijijini kwao, na habari ikamfikia hitma imeshasomwa. Akalia kwa uchungu. "Laiti ningejua mapema, ningekwenda hata kumzika." Nurdin akamfuta machozi, kisha akaibandika picha ya mwalimu na maneno ya tanzia. Watu wa kusini waliotawanyika Dar es Salaam, Mtwara, Unguja, wakatumiana ile habari kama moto wa nyasi kavu.

Tangu hapo blogu ikawa ya misiba mitupu. Wakodishaji wa maturubai na viti wakaleta matangazo, wauza sanda wakafuata. Mwanzoni Nurdin aliandika kila tanzia kwa mkono wake, akauliza jina sawasawa, akauliza maziko ni wapi. Kisha akachoka. Akaitega simu yake kwa utaalamu anaoujua mwenyewe. Mtu akituma picha na maneno, yanapanda yenyewe mpaka kwenye blogu.

"Nimelala, inafanya kazi," alimwambia Somoe kwa simu, sauti bado nzito kwa usingizi. "Habibi, mahari yako inajichuma yenyewe kama korosho inayodondoka."

"Korosho haidondoki shamba lisilopaliliwa, Nurdin."

"Aa, umeanza ya Bi Valeria!"

Wakacheka wote.

Baada ya mavuno Nurdin alikwenda Njinjo na Somoe kujitambulisha. Bi Esha, mama yake Somoe, alimpa mchi atwange mtama, kumpima mkwe. Nurdin akatwanga mara chache tu, mtama ukaruka nje ya kinu, kuku wakamshangilia. Bi Esha akacheka kinywa wazi, pengo lake la mbele likaonekana, kanga imemteleza begani. Nurdin akautupa mchi, akashika simu, akampiga picha.

"Mama, hii tutaitundika ukutani siku ya harusi."

Akawatumia picha ile vijana wa pale kijijini, ili nao wampelekee mama akitaka kujiona. Walipokuwa wakiondoka, Bi Esha alimshika mwanawe mkono. "Anachekesha," alisema. "Kazi ataizoea."

Basi, mauti ni ahadi, na ahadi ya Mola haichelewi. Asubuhi moja Mjomba Likwata, kaka yake Bi Esha, alimpigia Somoe simu.

"Mwanangu, umeamkaje?"

"Salama, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako... kazidiwa kidogo. Njoo."

"Kazidiwa na nini?"

"Homa tu. Wewe njoo. Kula kabla hujapanda gari."

Kwao habari ya kifo haisemwi kwenye simu kwa mtu aliye mbali. Msafiri anaambiwa ugonjwa. Anapokewa njiani, anavuliwa mzigo, anaketishwa mkekani, anapewa maji, shangazi anamkaa nyuma ya mgongo, ndipo mkubwa anasema. Wazee wanajua wanachofanya. Miguu ya mfiwa inahitaji kitu cha kuitembeza, na kitu hicho ni tumaini, hata likiwa dogo kama chembe ya chumvi.

Somoe naye aliijua desturi hiyo, lakini moyo ukachagua homa. Akafunga dawa, akafunga shuka la kumfunika mama, akanunua machungwa. Akampigia Nurdin. Simu ikaita, ikaita, haikupokelewa. Bado amelala, akasema moyoni, akapanda basi.

Wakavuka mto Mbwemkuru. Somoe alikuwa akisoma Yasini kimya kimya, akimwombea mgonjwa. Mwanamke wa kando yake, mwenye kikapu cha dagaa, alikuwa akiperuzi simu, akaguna.

"Jamani, watu wanaisha! Hebu mwone mama huyu anavyocheka, maskini. Hata ugonjwa hana."

Akamgeuzia.

Ilikuwa kanga ile ile iliyoteleza begani. Pengo lile lile. Juu yake maandishi meusi yanasema Bi Esha wa Njinjo hatunaye tena, chini yake tangazo la maturubai linawakawaka rangi nyekundu na njano, likisema wana bei poa kwa shughuli zote.

Machungwa yakamtoka Somoe mapajani yakabingirika chini ya viti mpaka kwa dereva. Alipozinduka alikuwa amelazwa kwenye benchi la zahanati huko Kiranjeranje, amefungwa dripu, basi limeshakwenda, na yule mwanamke wa dagaa amebaki naye, analia kuliko mfiwa. "Nisamehe dada yangu. Sikujua. Wallahi sikujua."

Miguu ilikataa. Kila akiinuka, anarudi benchini.

Na Njinjo maiti hasubirishwi, joto haliruhusu. Walimngoja mpaka Alasiri. Shangazi zake waliweka kando ndoo ya maji ya kumwoshea mama yake, wakisema, mwanawe wa kike ndiye wa kummiminia. Maji yakangoja, watu wakatazamana, mwishowe shekhe akasema, "Haki ya maiti ni kuharakishwa." Wakamwosha wao.

Pikipiki ilipomfikisha Somoe, wanaume walikuwa wanarudi makaburini, majembe begani, udongo mbichi miguuni. Mjomba Likwata akatangulia kumpokea, maneno yake ameyapanga tangu asubuhi.

"Mwanangu, kaa kwanza mkekani..."

"Nimeshajua, mjomba."

Mzee akabaki amesimama, mikono mitupu, kama mtu aliyebeba kikombe kikavunjika kabla hajakitoa. Ndoo ilikuwa bado ukutani, imeinamishwa.

Nurdin alipiga simu siku zile bila kukoma. Somoe hakupokea. Moyoni alikuwa na jambo moja tu: picha ile aliipiga Nurdin, basi aliyeiweka ni Nurdin. Alijua, akasema moyoni, akaniacha nipande gari, akautangaza msiba wangu kabla sijaambiwa. Bi Valeria, aliyepanda magari mawili kuja kutoa mkono wa pole pamoja na rozari yake mkobani, ndiye aliyemtuliza.

"Msikilize kwanza, mwanangu. Mtu hahukumiwi akiwa hayupo."

Nurdin akaja baada ya hitma, gunia la mchele begani, macho mekundu, shati halikupigwa pasi. Wazee wakawaachia chumba cha marehemu. Wakaketi mkekani, mlango wazi kwa heshima.

"Somoe wangu. Sina uso."

"Uliiweka wewe?"

"Hapana! Naapa kwa Mungu. Kijana wa hapa hapa aliituma, ikapanda yenyewe. Mimi nilikuwa nimelala. Sikuisoma hata."

Akalisema neno hilo kama mtu anayetoa cheti cha kutokuwa na hatia. Hasira aliyoibeba Somoe ikashuka, na mahali pake pakaingia baridi.

"Hukuisoma."

"Sikuisoma, mahabuba. Ningejua ni mama, ningeacha ipande? Mimi nilimpenda mama."

"Najua ulimpenda." Sauti ilikuwa ya upole, na machozi yakamtoka Nurdin kwa kuusikia upole huo. Akamshika ncha ya kanga, naye hakuivuta. Kwa kitambo kidogo walikuwa wale wale wa sokoni, huyu na kigoda chake, huyu na sindano yake.

"Nisamehe. Tufunge ndoa yetu kama mama alivyotaka."

"Mama alisema kazi utaizoea," Somoe akasema. "Basi nakuomba moja tu, kisha nitakusamehe na sitalitaja tena. Kila tanzia ikija, isome kabla haijapanda. Piga simu kwa wafiwa. Waulize, wote wameshaambiwa? Hakuna aliye njiani?"

Simu ya Nurdin ikalia mkekani. Kioo kikawaka, sura ya marehemu mwanamke wa Rondo ikatokea, amevaa kilemba cheupe, anatabasamu. Tanzia ikapanda yenyewe. Nurdin hakuitazama. Alikuwa akimtazama Somoe, na usoni alikuwa na lile tabasamu la kubembeleza lililowahi kumnunua siku ya kwanza.

"Lakini mpenzi," akasema taratibu, "nikianza kumpigia kila mfiwa, hiyo si itakuwa kazi?"

Somoe akaichomoa ncha ya kanga mkononi mwake. Akainuka, akavaa ndala zake, akapita mbele ya Mjomba Likwata na Bi Valeria waliokaa barazani, akaichukua ile ndoo ukutani, akaijaza maji, akaenda nayo njia ya makaburini kummiminia mama yake.